Hadondoki Mpaka Aangalie Chini

Panda pantoni pale Feri, upande wa Magogoni, siku ambayo haijajaa sana. (Najua, siku hiyo ni ya kuvizia.) Nunua chungwa moja kabla hujapita getini, na usilimenye. Pantoni ikishashika mwendo kuelekea Kigamboni, simama wima mahali pasipo na upepo mkali, nyoosha mkono usawa wa kifua, halafu liachie hilo chungwa. Usilirushe. Liachie tu.

Litadondokea wapi? Jibu kwanza, kimoyomoyo, ndipo uendelee kusoma.

Tupige hesabu kidogo. Tuseme pantoni inakwenda mita 3 kwa sekunde, na mkono wako uko mita 1.25 juu ya sakafu. Chungwa litatumia kama nusu sekunde kufika chini. Ndani ya hiyo nusu sekunde pantoni yote, pamoja na wewe, bodaboda na yule mama mwenye ndoo ya dagaa nyuma yako, imeshasogea mita moja na nusu mbele. Chungwa umeshaliachia, halijashikwa na kitu chochote. Basi lidondoke mita moja na nusu nyuma yako, kwenye ndoo ya mama. Siyo?

Mtoto wa dada yangu, yuko darasa la tano, alijibu hivyohivyo nilipomfanyia jaribio hili. Alisema, "Mjomba, litabaki nyuma." Nikamuuliza amejuaje. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini maji yanalowanisha. "Kwenye katuni ndiyo inavyokuwa," akasema.

Chungwa lilidondoka miguuni kwangu. Akasema nimelirusha. Tukarudia mara tatu, akaliachia mwenyewe, likatua miguuni kwake mara zote tatu, na bado usoni alikuwa na ile sura ya mtu anayehisi ametapeliwa Kariakoo lakini hajui ni wapi hasa.

Nataka kumtetea huyu dogo. Alikuwa amekosea, lakini alikosea pamoja na watu wakubwa sana, na ile fizikia ya katuni aliyoitaja haikuanzia kwenye katuni. Ina umri wa zaidi ya miaka elfu mbili, na iliwahi kufundishwa vyuoni kama elimu ya juu kabisa.

Tuanze na picha ambayo bila shaka unayo kichwani. Mnyama anamkimbiza mwenzake, anafika ukingoni mwa genge, anapitiliza. Anaendelea kukimbia hewani kama vile kuna barabara. Anasimama. Anatazama kushoto, kulia, halafu chini. Anatutazama sisi kwa huruma. Ndipo anadondoka, moja kwa moja, wima kama nazi, na kule chini kabisa tunasikia puu! Aliyefanya mchezo huo ujulikane dunia nzima ni Wile E. Coyote, yule mnyama wa jamii ya bweha asiyemkamata kamwe ndege Road Runner. Filamu yao ya kwanza ilitoka mwaka 1949, ikiongozwa na Chuck Jones. Tom na Jerry walikuwa wameshaanza miaka tisa kabla, 1940, na kwao pia utaona paka anayepita ukutani na kuacha tundu lenye umbo la mwili wake, hadi ndevu.

Mwaka 1980 mwandishi mcheshi wa Kimarekani, Mark O'Donnell, aliandika katika jarida la Esquire orodha ya "sheria" za mwendo wa katuni, kwa lugha ya kitabu cha fizikia. Ya kwanza inasema, kwa maneno yangu, kwamba mtu akiwa hewani atabaki hewani mpaka atakapotambua hali yake. Watu walicheka kwa sababu wote walikuwa wameshaijua. Hakuna aliyewahi kuifundisha, na kila mtu alikuwa amefaulu.

Sheria halisi haina subira hiyo. Kwenye dunia hii, sekunde moja baada ya kukosa pa kukanyaga umeshadondoka karibu mita 5, yaani zaidi ya ghorofa moja. Nusu sekunde, umeshuka mita 1.2. Muda ambao bweha wetu anatumia kututazama kwa huruma, mimi na wewe tungekuwa tumeshafika. Na tusingedondoka wima. Tungekwenda mbele na chini kwa wakati mmoja, kwa njia ya kupinda, kwa sababu ile kasi ya kukimbia haipotei eti kwa kuwa ardhi imeisha.

Huku kwetu picha hizi zilikuja kwa mafungu. Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu 1973. Bara tulisubiri hadi 1994, vituo binafsi vilipoanza kurusha matangazo Dar es Salaam. Katikati hapo katuni ya karatasi ndiyo ilitawala: Chakubanga wa Christian Gregory kwenye gazeti la Uhuru, halafu jarida la Sani lililoanzishwa na Saidi Bawji na Nico ye Mbajo, pamoja na akina Ndumilakuwili, Lodi Lofa na Madenge. Katuni ya karatasi haina mwendo, kwa hiyo mchoraji anaazima: mistari nyuma ya anayekimbia, wingu la vumbi, nyota kichwani kwa aliyepigwa. Mistari ile nyuma ya mkimbiaji, ukiifikiria, haipo popote duniani, lakini hakuna msomaji aliyewahi kuuliza ni nini. Halafu vikaja vibanda umiza, na filamu za kungfu ambamo mzee wa miaka sabini anaruka juu ya paa bila kukunja goti. Kizazi changu sisi tulipata vyote kwa pamoja, tena bila mpangilio: asubuhi Jumamosi katuni, mchana kibanda umiza, jioni "gemu ya kaseti" kwa jirani mwenye umeme.

Sasa turudi nyuma, mbali kidogo.

Karne ya 4 kabla ya Kristo, Ugiriki, Aristotle anajiuliza swali linaloonekana la kitoto: jiwe likishatoka mkononi, nini kinalisukuma? Kwake yeye kila kinachosogea lazima kisukumwe na kitu wakati wote, kama mkokoteni. Ukiacha kuusukuma mkokoteni wa Kariakoo, unasimama. Hilo mtu yeyote wa Mtaa wa Kongo atalithibitisha. Basi jiwe nalo lazima liwe na msukumaji, na Aristotle akasema ni hewa, inayozunguka na kulisukuma kutoka nyuma. Si jibu la kijinga. Ni jibu la mtu aliyeangalia mikokoteni mingi.

Karne ya 6 Baada ya Kristo, mwanafalsafa wa Alexandria, Misri, aitwaye John Philoponus, akakataa. Hewa isukume jiwe vipi wakati hewa hiyohiyo ndiyo inayolizuia? Akapendekeza kwamba mrushaji anatia kitu ndani ya jiwe, nguvu fulani ya kuazima, na jiwe linakwenda kwa kuitumia hiyo. Wazo hilo likaingia katika elimu ya Waarabu na Waajemi. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, akalipa jina la Kiarabu, mayl, maana yake mwelekeo au mwinamo. Na hapa ndipo napenda kusimama kidogo, kwa sababu Ibn Sina alisema jambo ambalo likinijia huwa natabasamu: kwamba kama kungekuwa na mahali patupu kabisa, pasipo hewa wala kizuizi, mayl isingeisha, na kitu kilichorushwa kisingesimama. Ni karibu kabisa na inesha tunayofundishwa sekondari, na ni miaka zaidi ya 600 kabla ya Newton. Lakini yeye alilitumia kinyume. Kwa kuwa hatuoni vitu visivyosimama, akasema, basi utupu haupo. Alifika mlangoni, akachungulia, akaufunga.

Karne ya 14 huko Paris, Jean Buridan na wenzake wakaliita lile jambo impetus. Mmoja wao, Albert wa Saxony, akaligawa kwa hatua: kwanza kitu kilichorushwa kinakwenda kwa nguvu yake tu na uzito hauna lake, kisha vinachanganyika, mwishoni nguvu imeisha, uzito unashika usukani, kitu kinaanguka wima.

Soma sentensi hiyo tena taratibu. Mbele moja kwa moja bila kushuka. Kusita. Kisha wima chini. Huyo ni bweha wetu.

Wala sitanii. Mwaka 1561 huko Basel kilichapwa kitabu cha Daniel Santbech chenye mchoro wa risasi ya mzinga. Risasi inapanda kwa mstari ulionyooka kama rula, inafika mahali, inakata kona kali na kushuka wima hadi chini. Ungeweza kumchora Wile E. Coyote pale kwenye kona, na kibango mkononi, na hakuna ambacho kingeharibika. Tofauti ni kwamba wale walikuwa wanazungumzia mizinga ya kweli, ambayo watu walikuwa wanauana nayo. Mwenzao Niccolò Tartaglia, aliyeandika juu ya mizinga mwaka 1537, alikuwa ameweka kipande cha mduara katikati ili kona isiwe kali, na baadaye, 1546, akakiri kwamba hakuna sehemu yoyote ya njia ile iliyonyooka kweli. Mpiga mzinga hakuhitaji nadharia, alihitaji kulenga, na kwa mazoea alilenga vizuri kuliko vitabu vyake.

Aliyeumaliza mzozo ni Galileo. Kwenye kitabu chake cha 1638, kilichochapwa Leiden kwa sababu kwao Italia alikuwa amefungiwa, alionyesha kwamba kitu kilichorushwa kina mambo mawili yasiyosubiriana: kinaendelea mbele kwa kasi ileile, na wakati huohuo kinadondoka, kwa kasi inayoongezeka, tangu nukta ya kwanza kabisa. Ukiyajumlisha unapata parabola. Hakuna zamu. Mvutano hauji baada ya mwendo kwisha, ulikuwepo tangu mguu ulipoachia ukingo.

Na kabla ya hapo, mwaka 1632, alikuwa ameandika juu ya meli. Waliopinga kwamba dunia inazunguka walisema: angusha jiwe kutoka juu ya mlingoti wa meli inayokwenda, litadondokea nyuma; vivyo hivyo dunia ingekuwa inazunguka, mawe yangeachwa nyuma. Galileo akajibu kwamba litadondoka chini ya mlingoti, meli ikienda au ikisimama. Mwaka 1640 Mfaransa Pierre Gassendi akachukua merikebu huko Marseille, watu wakapiga makasia kwa nguvu, mawe yakaangushwa kutoka mlingotini. Yakatua pale chini ya mlingoti.

Unaona sasa kwa nini nilikupeleka Feri na chungwa. Pantoni yetu ni ile merikebu ya Gassendi, na kwa nauli ya kivuko unaweza kurudia mojawapo ya majaribio yaliyotikisa ulimwengu, huku ukinusa samaki wa kukaanga. Na yule dogo wa darasa la tano alisimama upande wa maprofesa wa miaka 2000.

Hayuko peke yake hata leo. Kuanzia mwaka 1980 mwanasaikolojia Michael McCloskey na wenzake, katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins huko Marekani, walitoa tafiti zilizowauliza wanafunzi wa chuo maswali ya aina hii. Mtu anatembea, ameshika mpira, anauachia, utadondokea wapi? Wengi walijibu kwamba utashuka wima, au hata utabaki nyuma. Baadhi walikuwa wameshasoma fizikia. McCloskey aliona kwamba maelezo yao yanafanana kupita kiasi na impetus ya Buridan, mtu ambaye bila shaka hawakuwahi kumsoma. Yaani kila mtoto anaivumbua fizikia ya karne ya 14 upya, peke yake, kwa kuangalia mikokoteni.

Maoni yangu ni kwamba hiyo ndiyo siri ya mchoraji katuni. Hakosei ovyo ovyo. Wachoraji wa Marekani wa miaka ya 1930 walikuwa wanasoma filamu za watu halisi picha moja baada ya nyingine, na moja ya kanuni zao za msingi ni kwamba mwendo wa kiumbe hai hufuata njia ya kupinda. Parabola waliijua, kwa mkono kama si kwa hesabu. Walipotaka tucheke waliiacha kwa makusudi, wakatupa ile ya kale, kwa sababu ndiyo tunayoitarajia kwa ndani. Ukichora bweha akidondoka kwa usahihi, kicheko kinakufa. Ni ajali tu. Kinachochekesha ni kwamba sheria imempa nafasi ya kujua.

Kwa pembeni kidogo: "fizikia ya Fulani" ni maneno yenye historia nchini kwetu. Mwaka 1963, shule ya sekondari Magamba huko Lushoto, Erasto Mpemba aliweka mchanganyiko wa aiskrimu kwenye friji ukiwa bado wa moto, na ukaganda kabla ya wa wenzake. Alipouliza baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, mwalimu alimtania kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si ya ulimwengu. Hapohapo Mkwawa akamuuliza Denis Osborne aliyekuwa amekuja kutoka chuo kikuu Dar es Salaam. Osborne alilipima badala ya kucheka, na mwaka 1969 wakachapisha pamoja. Wanasayansi bado wanabishana kama jambo lenyewe lipo kila wakati na kwa nini. Lakini ona tofauti na katuni: Mpemba alikuwa amefungua friji na kuangalia.

Sasa twende kwenye gemu, maana huko habari imegeuka kichwa chini. Katuni ilianza na fizikia ya kale. Gemu zilianza na ya Newton, tena safi, halafu zikaiacha.

Oktoba 1958, maabara ya Brookhaven, Marekani. Mwanafizikia William Higinbotham, aliyewahi kufanya kazi katika mradi wa bomu la atomiki, anataka wageni wa siku ya maonyesho wasisinzie. Kwenye kitabu cha maelekezo cha kompyuta ya maabara anaona namna ya kukokotoa njia ya kombora na ya mpira unaodunda. Anaunganisha nyaya, na kwenye kioo kidogo cha mviringo linatokea wavu na nukta inayoruka huku na huku. Tenisi. Ile nukta inafuata parabola, uvutano upo, inapoteza kasi ikidunda. Moja ya gemu za kwanza kabisa duniani ilikuwa sahihi kwa sababu mashine yake ilikuwa tayari kukokotoa makombora.

Mwaka 1962 vijana wa MIT walitoa Spacewar: vyombo viwili vya angani na nyota katikati inayovivuta. Ukizima injini, chombo hakisimami. Kinaendelea, kama Ibn Sina alivyosema kingefanya kwenye utupu. Wengi walioligusa kwa mara ya kwanza lazima waligonga nyota.

Halafu ikaja Pong, 1972, ya kuchezwa na mtu aliyetoka kunywa bia. Mhandisi wake Allan Alcorn akaugawa ule ubao wa kupigia vipande vinane, na mpira unaondoka kwa pembe inayotegemea kipande ulichogusa. Kwa fizikia hiyo haiwezekani. Ubao ni bapa, mpira ungerudi kwa pembe uliyojia. Lakini ingekuwa hivyo gemu lingechosha baada ya dakika mbili. Alcorn alijua sheria na akampa mchezaji kitu kingine: uwezo wa kulenga.

Hatua kubwa zaidi naiona kati ya 1981 na 1985, na unaweza kuipima mwenyewe kwa kidole. Kwenye Donkey Kong ya 1981, ya Shigeru Miyamoto wa Nintendo, yule fundi mdogo akisharuka hakuna unaloweza kufanya. Njia yake imeshaamuliwa, kama jiwe. Galileo angeridhika. Miaka minne baadaye, katika Super Mario Bros., fundi yuleyule akiwa hewani unaweza kumrudisha nyuma. Ukishikilia kitufe anapanda zaidi. Ukiachia, anashuka mapema. Na uvutano wenyewe haufanani kwenda na kurudi: anapopanda huku umeshikilia kitufe ni hafifu, anaposhuka ni mkali. Mvutano unasikiliza kidole gumba chako!

Nilipokuwa mdogo tulicheza hii kwenye mashine za kuiga zilizojaa Kariakoo, zile zenye kaseti ya njano iliyoandikwa gemu elfu kadhaa, na ukihesabu ni kumi na mbili zinazojirudia. Kumbuka ulivyokuwa unacheza. Mario akikaribia kudumbukia shimoni, ulikuwa unainua kidhibiti juu na kupinda mwili wote upande mmoja, sivyo? Sote tulifanya. Mwili ulikuwa unajaribu kumsaidia mtu aliyekwisha ruka. Nadhani Miyamoto na wenzake waliona jambo hilo kwa wachezaji na wakaamua kulikubali: unataka kumgeuza hewani, haya, mgeuze. Kuruka kwako mwenyewe hakuna nafasi hiyo. Ukiruka nusu mita, ambayo ni nzuri tu kwa mtu wa kawaida, unakaa hewani sekunde 0.64 jumla, na tangu unyayo ulipoachia ardhi kituo chako cha uzito hakikusikilizi tena.

Ile "brick game" ya mkononi nayo, matofali yanashuka kwa kasi moja isiyoongezeka mpaka yanagota. Hiyo ni ya Aristotle mtupu. Galileo angetaka yaongeze kasi, na hakuna mtu angevuka mistari kumi.

Kuna anayesema haya yanawaharibu watoto. Sikubaliani, angalau si kwa jinsi linavyosemwa. Hapa Dar tuna Ubongo Kids, iliyoanza TBC1 Januari 2014, katuni inayofundisha hesabu na sayansi kwa Kiswahili, na humo wanyama wanaongea na kutembea kwa miguu miwili. Mtoto haamini kwamba mbuzi wataanza kuongea. Shida ni pale katuni inapokubaliana na kosa ambalo tayari liko ndani yetu. Hilo halionekani kama uchawi. Linaonekana kama kawaida.

Nilikuwa kidato cha pili, nikitoka shule, kwenye daladala iliyokuwa inakaribia Kariakoo. Foleni imelegea kidogo, gari linatambaa. Nilimwona konda anashuka kabla gari halijasimama, mwepesi kama karatasi. Nami nikashuka. Nilishuka kama watu wa kwenye filamu wanavyoshuka kwenye treni: nikaruka pembeni, miguu pamoja, nikitarajia kusimama. Miguu ilisimama. Mwili wa juu uliendelea kuelekea Gerezani. Kovu liko kwenye kiwiko mpaka leo, na sare nilimwambia mama imechanwa na msumari.

Baadaye nilikaa kumwangalia konda vizuri. Haruki pembeni. Anageukia kule gari linakoelekea, anaegemea nyuma kidogo, mguu wa kwanza unagusa chini huku tayari anakimbia, na anakimbia hatua nne au tano kabla ya kusimama. Anajua kwamba akiachia mlango bado ana kasi ya gari, na hiyo kasi lazima ailipe kwa hatua. Wapakuaji wa matikiti pale sokoni nao hivyohivyo: aliye juu ya lori anarusha, wa chini analipokea huku mikono inarudi nyuma pamoja nalo, halafu ndipo linasimama. Ukilikinga kwa mikono iliyokaza, kilo sita za tikiti zinakupasukia kifuani. Hakuna hata mmoja kati yao ambaye angejibu vibaya swali la McCloskey, kama lingeulizwa kwa tikiti.

Hata konda ana mpaka. Gari likiwa kwenye kilomita 10 kwa saa, ni mita 2.8 kwa sekunde, mbio za polepole, mtu yeyote anazimudu. Kilomita 30 ni mita 8.3 kwa sekunde. Usain Bolt alipoweka rekodi ya mita 100 mwaka 2009 wastani wake ulikuwa mita 10.4. Kwa hiyo anayeshuka kwenye gari la kilomita 30 anatakiwa, ndani ya hatua moja, akiwa na kandambili, awe anakimbia karibu na Bolt.

Na pale Feri kuna toleo lake, tena lenye maji. Watu wanajazana mbele pantoni ikikaribia, na wapo wanaoruka kabla mlango haujakaa sawa. Pantoni ni nzito, haitarudi nyuma kwa ajili yako, ila kasi yake unaondoka nayo. Mbaya zaidi ni mitumbwi ya wavuvi upande wa soko. Mtu wa kilo 60 akiruka kutoka kwenye mtumbwi mwepesi kwenda ngazini, mtumbwi unasukumwa nyuma wakati yeye anakwenda mbele, na ile mita moja aliyoipima kwa macho inageuka kuwa pungufu. Chubwi. Wavuvi wenyewe hawaruki. Wanavuta kamba kwanza, au wanashuka majini wakatembea.

Yule dogo, tulipofika Kigamboni, alikuwa bado ameshika chungwa lililopondeka upande mmoja. Aliuliza kama mtu aliyesimama ufukweni Magogoni angekuwa ametuona, angeliona chungwa linadondoka wima au limepinda. Nikamwambia limepinda. Akauliza sasa nani kati yetu alikuwa ameona kweli. Tulikaa kwenye ngazi pale tukalimenya, na jibu lake lilichukua muda mrefu kuliko pantoni iliyofuata.